Kulzipa wa Stesheni, Aliyemlilia Mtu Aliye Hai

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, birika liacheni lichemke taratibu, chai haina miguu ya kukimbilia. Leo tunamkumbuka Kulzipa binti Seytkali, aliyekuwa sauti ya stesheni yetu ya Kazaly kwa miaka thelathini na mmoja. Tumemzika Jumanne. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Kulzipa wa stesheni, tumemzika Jumanne, miaka sabini na mmoja.

Wa rika langu mnaijua sauti ile. Treni ya Tashkent ilikuwa haithubutu kuingia mpaka Kulzipa aseme imeingia. Siku moja ya tufani ya theluji alitangaza treni iliyokuwa imekwama kilomita arobaini huko nyuma, na wapo abiria wanaoapa kwamba waliipanda. Ngamia nao walimtii. Akisema "reli ya pili", ngamia waliolala reli ya pili wananyanyuka wenyewe, wanahamia ya tatu. Anayebisha akawaulize ngamia.

Sauti hiyo ndiyo iliyoibwa, wasikilizaji wapendwa. Habari ya leo ni ya mwanamke aliyeibiwa sauti na akalipiza. Mwenye hamu ya habari za kusameheana ageuze kitufe, vituo viko vingi.

Mumewe Kulzipa aliitwa Tolegen. Alikuwa mkaguzi wa reli. Alitembea na nyundo yake akigonga chuma na kusikiliza kinavyoitikia. Januari moja, karibu na daraja la Sir Darya, moyo wake ukasimama. Mwenzake alikuja mbio kuleta habari, na kabla mwili haujafika, kofia ikafika. Ilikuwa kofia ya manyoya ya mbweha. Yule mwenzake aliificha kifuani, ndani ya koti, isilowe theluji. Kwa hiyo Kulzipa alipoipokea mlangoni, ilikuwa bado ina joto.

Akakaa chini, akageuza uso ukutani, akaanza kumlilia mumewe kama wanawake wetu wanavyolilia wafu wao, kwa wimbo. Joktau. Hakuna aliyemfundisha maneno. Yalikuja.

"Kofia yako ina joto bado, kichwa chako kiko wapi?"

Kila mgeni wa matanga alipovuka kizingiti, Kulzipa aliimba. Mwaka mzima. Mwaka ulipotimia akachinjwa farasi, watu wakala, wimbo ukafungwa. Mnajua nyote: maombolezo yakishafungwa hayaimbwi tena, na mwenye nayo ni marehemu peke yake.

Sasa, katika wageni wa siku zile za kwanza alikuwamo kijana mmoja kutoka Almaty. Jina lake Yerzat, mpwa wa jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na nywele za rangi ya karoti. Alikula nyama, akafuta vidole, akaiegemeza simu yake nyuma ya sahani ya maandazi. Hakuna aliyemuuliza. Nani angefikiria? Hata mwizi wa farasi ana siku anayopumzika.

Ikapita miaka miwili. Yanayofuata tumesimuliwa na Akbope, mke wa mtoto wa marehemu, aliyeishi naye nyumba moja.

"Tulikuwa harusini kwa binamu yangu. Nyama imeliwa, watu wameinuka kucheza. Muziki ukaanza. Mama akaweka kijiko chini. Akaniambia, 'Akbope, wanamcheza baba yako.' Nikamwambia, 'Mama, umekunywa chai kali mno.' Akasema, 'Sikiliza.' Nikasikiliza. Nami nikaweka kijiko chini."

Ulikuwa wimbo ule ule. Chini yake wametia ngoma ya kurukia, na maneno wameyageuza kidogo: kofia yako ina joto bado, mrembo, kichwa chako kiko wapi. Kibaya zaidi kilikuwa mwanzoni. Palisikika kwikwi ya mwanamke, imekatwa na kurudiwa mara nne, kama filimbi ya kuwaita watu uwanjani. Kwikwi ilikuwa ya Kulzipa. Ya siku zile za matanga. Na vijana wakifika kwenye neno "kofia" wanavua kofia zao, wanazirusha juu. Sisi ambao kofia hatuiweki hata sakafuni.

Yerzat alikuwa sasa anaitwa Kokjal, Mbwamwitu wa Kijivu. Nyota mkubwa, sura yake mpaka kwenye paketi za mbegu za alizeti. Harusi hazikwisha bila wimbo ule. Mashabiki wake wakajiita Kofia. Yeye mwenyewe wakamwita Kichwa, kwa sababu kofia zote humkalia yeye. Shabiki akihama kwa mwimbaji mwingine anaitwa kofia baridi, na hasalimiwi. Na kuupiga wimbo kwenye simu mchana kutwa, mfululizo, ili upande juu kwenye orodha, kunaitwa kuoka. "Umeoka leo?" ndiyo salamu yao. Msiba wa nyumba moja umekuwa lugha ya nchi nzima.

Kulzipa alitaka kitu kimoja tu: watu waache kumcheza mumewe. Alimpigia Yerzat simu. Akasema, "Mwanangu, uliketi nyumbani kwangu, ukala. Ule si wimbo. Uondoe."

Yerzat akajibu, "Bibi, unapendwa na watu milioni. Furahi."

Kwetu aliyekosa huleta farasi na joho. Baada ya mwezi kikaja kifurushi. Farasi hakuna. Ndani kuna joho la nailoni, lile wanalouza mlangoni kwenye maonyesho yake, mgongoni limechapwa sura ya Yerzat, meno yote nje.

Akbope alitaka kulitia jikoni liungue. Kulzipa akamzuia. Akalivaa. Akajitazama kwenye kioo, mbele, kisha nyuma. "Aliyeniletea joho bila farasi anataka nimfuate kwa miguu," akasema. "Basi nitamfuata." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kijana yule nguo alituma mwenyewe.

Akapanda treni mpaka Kizilorda. Mkuu wa Kofia wa mkoa mzima alikuwa msichana anaitwa Inkar, muuzaji wa duka la dawa. Kulzipa akasimama mbele yake na joho lake.

"Binti, naambiwa wewe ndiye mkuu wa Kofia."

"Bibi, dawa za presha ziko kabati lile."

"Presha ninayo, inanitosha. Nataka kujiunga."

"Mjukuu wako amekutuma? Hii ya kuchekesha watu kwenye simu?"

"Nimetumwa na mume wangu."

Inkar alicheka mpaka akakaa. Hakuuliza mume yuko wapi. Akamwandikisha.

Kulzipa alisoma maneno yao yote kama alivyosoma zamani ratiba ya treni. Baada ya miezi mitatu alikuwa anawasahihisha wasichana. Wakampenda, wakamwita Bibi Kofia. Nyumbani, simu tatu zililala juu ya hita zikioka wimbo, usiku na mchana. Akbope alishindwa kuvumilia.

"Mama, unamnenepesha mwizi."

"Akbope, uliona wapi kondoo akichinjwa amekonda?"

Kisha akakaanga maandazi akampelekea jirani, mjomba wake Yerzat. Akamwambia anataka kumtungia kijana maneno ya heshima, amtajie babu zake. Mjomba akavimba kwa fahari, akawataja wote saba, baba wa baba wa baba, bila kukwama. Kulzipa akawaandika. Ndugu zangu, kwa sifa njema mtu hatajiwi babu saba. Mtu hutajwa hivyo akiwa mbele ya kaburi. Mjomba alilijua hilo tangu utotoni, lakini maandazi yalikuwa ya moto.

Vuli ikafika, na onyesho kubwa la Almaty. Watu elfu sita. Onyesho likiisha, kama shughuli yoyote yetu, mzee hupanda jukwaani kuomba dua. Inkar akapendekeza shabiki mkongwe kuliko wote. Wakubwa wa Yerzat walikaribia kumbusu. Bibi kizee ndani ya joho la nyota, picha nzuri kama nini. Na nani kwetu amewahi kumnyima mzee kipaza sauti cha dua?

Watu elfu sita wakafungua viganja. Kulzipa hakufungua. Alikaa chini jukwaani, akawageuzia mgongo, sura ya Yerzat ikawatazama watu kutoka mgongoni mwake. Akaanza.

"Yerzat, mwana wa Kayrolla, mwana wa Smagul..." Akawataja babu mmoja mmoja mpaka wa saba. "Kofia yako ina joto bado, Yerzat, kichwa chako kiko wapi?"

Wasichana walidhani ni mzaha mtamu. Wimbo wanaujua. Wakaitikia. Watu elfu sita, wasikilizaji wapendwa, wakimlilia mtu aliyesimama mbele yao na chupa ya maji mkononi. Ubeti wa pili sauti zao zikapungua. Wa tatu zikabadilika, kwa sababu sasa walisikia walichokuwa wakikicheza. Ile kwikwi ilipotoka kifuani mwa mwenyewe, nzima, haijakatwa, hakuna kofia iliyorushwa. Wanasema huku Kazaly, zaidi ya kilomita elfu moja, mbwa walilala chini wakafunika pua. Wangu alilala, hilo naapa.

Mama yake Yerzat alikuwa safu ya mbele. Akasimama, uso mweupe. "Nyamaza, mama. Mwanangu yu hai."

Kulzipa akageuka. Akajibu kwa ile sauti ya stesheni, taratibu, kila neno na mahali pake:

"Wangu hayupo. Na mmemcheza mwaka mzima."

Akaweka kipaza sauti chini, akashuka ngazi.

Inkar alituambia kwa simu juzi: "Nilikuwa na kofia mkononi, nataka kuirusha, mkono ukakataa. Nilimchukia Bibi siku nzima. Siku ya pili nikaandikia Kofia wote wa mkoa: zimeni simu." Mikoa mingine ikafuata. Wiki moja tu, wimbo ulikuwa umezama.

Lakini kisasi hakikuishia hapo. Nani atamwalika harusini mtu aliyekwisha kuliliwa? Nani atamkalisha karibu na bibi harusi? Waimbaji wetu wanakula kwa harusi, siwafichi. Yerzat aliyekuwa na harusi tatu kila Jumamosi akabaki kuzindua maduka ya matairi.

Alikuja Kazaly mara tatu, na farasi. Mwaka wa kwanza Kulzipa akamtazama farasi meno, akasema, "Mchanga huyu. Mrudishe akue." Mwaka wa pili akasema, "Sasa amezeeka." Mwaka wa tatu Yerzat alikaa kizingitini, hana rangi ya karoti tena, ananyoa kama askari.

"Bibi, niondolee."

"Joktau haiondolewi, mwanangu. Inaisha kwa karamu. Chinja, ita watu, wale, ifungwe."

"Nimeita. Hawaji."

"Pole," akasema Kulzipa, akaingia ndani kumimina chai. Kikombe kimoja.

Mwezi uliopita akaugua. Akbope alimbembeleza. "Mama, msamehe yule kijana. Usiende na kinyongo, njia ni ndefu."

"Nitaenda mwepesi, usihofu. Atakuja mazikoni. Msimweke nyuma na wapita njia, msimamisheni mbele. Mulla akiuliza nilikuwa mtu gani, watu wote wamtazame yeye. Akisema mwema, amekiri kwamba nilimtendea haki yake. Akisema mbaya, amemsema vibaya marehemu mbele ya mwili wake, hata maduka ya matairi yatamkimbia."

"Na akinyamaza?"

"Mulla hasikii vizuri. Atarudia."

Jumanne alikuja. Mtoto wa marehemu akamshika mkono, akamleta safu ya mbele, kwa heshima zote. Mulla akauliza, "Huyu alikuwa mtu gani?" Watu wakasema, "Mwema." Kisha wakageuza vichwa, wote, wakamtazama Yerzat. Palikuwa na upepo wa mchanga, hakuna aliyefumba jicho.

Yerzat akasema, "Mwema."

"Sijasikia," akasema Mulla.

"Mwema."

"Sema na walio nyuma wasikie."

Tukaona alipoelewa. Mabega yalimwanguka. Angeweza kuondoka, barabara ilikuwa wazi na gari lake lilikuwa palepale. Akainua uso akasema kwa nguvu, "Alikuwa mwema." Halafu akaongeza ambalo hakuulizwa. "Mimi niliiba."

Mnangoja niwaambie watu walimkumbatia. Hawakumkumbatia. Wanaume walinyanyua jeneza, wakaenda nalo, na yeye akafuata nyuma, kwa miguu.

Kwa mtoto wake, kwa Akbope, kwa wajukuu na kwa wote wa stesheni, sisi wa redio hii tunatoa pole za dhati. Mungu ampumzishe karibu na Tolegen wake. Na wewe unayesikiliza, kabla hujainuka kucheza kwenye harusi inayokuja, uliza kwanza kinachochezwa na miguu yako kilitoka kifua cha nani. Ukikosa wa kukujibu, kaa chini umalize nyama yako.

Simu za hapa studio zinawaka zote. Najua mnachotaka, mnataka niupige ule wimbo, mara moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Ninao hapa mkononi. Siupigi.