Wimbo Niliomnyima Enesi

Sogeeni, wanangu. Wewe Tumaini acha simu, wewe Tabita niinulie mto, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno.

Shamba la kahawa la hapa Iyula ni lenu wote wawili, sawa kwa sawa, na yule jirani aliyesogeza mpaka mwacheni, nimeshamsamehe, ingawa mwizi ni mwizi. Hayo yamekwisha. Ninalotaka kusema ni la gitaa.

Ujanani nilinunua gitaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa nchi, nikampigia mama yenu ule wimbo wa mapenzi uliokuwa ukitoka redioni kila Jumamosi, na Enesi akacheza uani hadi kanga ikamdondoka. Tukaoana. Kisha nikafanywa mzee wa kanisa, nikaona haya, nikalipasua gitaa kwa shoka mbele ya wenzangu. Mama yenu akaviokota vile vipande akapikia maharage. Heri angenitukana!

Siku zake za mwisho akaniuliza, "Baba Tumaini, ule wimbo unaukumbuka?" Nikamjibu, "Siukumbuki." Uongo, wanangu. Niliona aibu tu, naye akageukia ukutani.

Tulipokwisha kumzika ndipo nikanunua gitaa jingine. Tumaini ukanicheka, Tabita akakaa nami, akinitafutia wimbo kwenye simu, kipande kwa kipande. Samaki mkunje angali mbichi, na vidole vyangu vilishakaukia kwenye jembe, lakini nimejifunza wote isipokuwa mwisho. Zamani redio iliukatiza kwa taarifa ya habari, nikaishi miaka hamsini nikitamani kuusikia unavyoisha. Kumbe hauishi, wanaendelea kuimba huku sauti ikipungua, ikipungua, basi. Kila nikijaribu kuupunguza hivyo namkumbuka Enesi, mikono inakataa.

Kawia ufike, walisema. Mimi nimekawia nisifike. Gitaa ni la Tabita, na Tumaini usinune. Mkishanizika ubavuni mwa mama yenu, watu wakitawanyika, wewe Tabita kaa katikati yetu umpigie, wala usiwaogope wazee wa kanisa. Mwambie nilikuwa naukumbuka. Kila siku, Tabita... kila siku nilikuwa naukumbuka.

Mungu awatunze... awape kupendana. Na ukifika pale mwisho, mwanangu, usikate. Punguza... punguza polepole, tudhani bado unapiga.