Karatasi ya Rais, Pamba ya Binah

Bwana Hartwick, mwenye watumwa wa zamani, alikuwa amerudi kisiwani na karatasi ya Rais ya kumsamehe uasi wake na kumrudishia mashamba, na adhuhuri hii angekuja kwa Binah: atie alama kwenye mkataba wa kibarua, au afungashe virago aache ekari kumi alizolima tangu vita viishe. Benchi la kahawa la Binah lilikuwa limejaa mawakili wasiosomea sheria. Kahawa yenyewe ilikuwa mbegu za bamia zilizokaangwa, kwa kuwa kahawa ya kweli haikuonekana Carolina tangu vita vianze. Binah aliwamiminia.

— Rais ndo amiri jeshi, alisema Cudjo, waliyemwita Jaji kwa kuwa miaka ishirini alishika farasi wa bwana wake chini ya dirisha la mahakama. — Akisema Carolina imerudi kwenye Muungano, imerudi. Na Hartwick karudi.

— Imerudi wapi, mzee? alidakia Prince, waliyemwita Sajini, ambaye koti la jeshi la Muungano hakulivua hata kwenye joto. — Wabunge wa waasi wamefika Washington, Bunge likawafungia mlango. Limesema hapa hamna jimbo.

— Kama hamna jimbo, tumekaa wapi?

— Kwenye nyara. Mali ya Bunge.

— Sikiliza, Sajini. Jimbo haliwezi kutoka kwenye Muungano, Katiba hairuhusu. Kwa hiyo halikutoka, na vita havikuwepo.

— Havikuwepo? Hii risasi pajani niliipata harusini?

— Kisheria, huna risasi.

Binah alicheka bila kupenda.

— Basi mie nasema Carolina ilijiua, Sajini alipandisha sauti. — Hartwick anatawala maiti, na mrithi wa maiti ni Bunge.

Mwanamke mwenye mzigo kichwani, vumbi hadi magotini, alikuwa amesimama kusikiliza.

— Samahanini, wazee wangu, alisema. — Mie nimetolewa shamba la pili kutoka hapa asubuhi hii, kwa karatasi kama hiyo ya Rais. Hilo Bunge lenu linafika saa ngapi?



Binah aliimwaga chini kahawa iliyobaki.

— Leo halifiki, alisema. — Hartwick akija mwambieni niko shambani napalilia pamba yangu, na kalamu yake siishiki.

Mgeni alitua mzigo wake, akauliza kama kuna jembe la pili.

— Yapo mawili, dada. Chukua lenye mpini mzito.