Mwenyekiti Tuliyemchagua kwa Kufuata Sampuli

Mgeni rasmi, uliye mkurugenzi wa mradi wa kukuza demokrasia, meneja wa kiwanda, wafanyakazi wenzetu:

Leo saa mbili na nusu asubuhi, kabla gari lako halijaingia getini, taa ya chumba cha mwenyekiti wetu ilikuwa inawaka na mlango umefungwa kwa ndani. Tunaanza na hilo kwa sababu kila mtu ameliona. Mengine yatafuata kwa mpangilio.

KARIBU

Sisi washonaji wa kiwanda hiki cha sare tunakukaribisha. Risala inasomwa na mwenzetu Mshona Vifungo, wa meza ya mwisho karibu na dirisha. Mama yake ni Mkataji, ambaye habari zake utazisikia hapa chini. Tumemteua yeye kwa kuwa ndiye aliyepungukiwa zaidi, na sauti yake haitetemeki.

HISTORIA

Kazi yetu hufuata sampuli. Fundi mkuu hushona vazi la kwanza, hulitundika ukutani, nasi hushona yaliyo sawa nalo. Sampuli ikiwa na kosa, tunashona na kosa lake. Anayejaribu kulirekebisha huambiwa, "Wewe umeajiriwa mikono, si mdomo."

Walimu wa mradi wako walikuja kutufundisha kuchagua mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Kabla ya hapo meneja alikuwa akimteua amtakaye. Siku hiyo mchana chakula kililiwa kwa mabishano. Mpiga Pasi, mtu wa maneno, alisema, "Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Demokrasia ya kuletwa kwenye maboksi itatubana makwapa."

"Ikibana nitaifumua, niishone upya," Mkataji akamjibu, chaki ikiwa sikioni. "Na wewe, shemeji, miaka yote umevaa amri ya mtu mmoja. Imekukaa wapi?"

Watu walicheka, hata Mpiga Pasi mwenyewe. "Haya, gombea basi! Nami nitagombea, usije ukajisifu umeshinda hewa."

Karatasi ya kura ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa kuonyesha tu: picha ya mtu aliyevaa koti, kifungo cha juu kimefungwa, uso haukuchorwa, na kando yake alama ya vema iliyokwisha kuchapwa. Chini yake alikuwa Mkataji, kisha Mpiga Pasi. Mwalimu aliinyanyua akasema, "Fanyeni kama mnavyoona hapa juu."

Tukafanya. Wengi wetu tuliweka vema juu ya vema, kwa mtu wa koti.

Matokeo yaliposomwa, Mkataji alisimama. "Jamani, huyo si mtu." Mwalimu alitazama saa; alikuwa na ndege ya kuwahi. "Sauti ya wengi iheshimiwe," akasema, akaandika kwamba uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Chumba cha mwenyekiti kilifungwa kwa nje, kwa kuwa hapakuwa na wa kukikalia. Jumatatu iliyofuata kilikutwa kimefungwa kwa ndani.

MAFANIKIO

Hatutaficha mema. Maji ya kunywa yamewekwa. Feni zinazunguka. Madirisha yaliyokuwa yamepigiliwa misumari yamefunguliwa. Maagizo hutokea chini ya mlango, yamechapwa vizuri, na meneja huyatii. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwamba yeye hawezi kubishana na mtu aliyechaguliwa.

CHANGAMOTO

Mwenyekiti hajaonekana na mtu. Fundi wa umeme alipanda ngazi kwa nje akachungulia. Aliona kiti, na juu ya kiti koti, limekaa wima kama lina mabega. Aliposhuka aliomba maji, akanywa, hakutaka kupanda tena.

Baadaye likatoka agizo kwamba kila mfanyakazi afunge kifungo cha juu, kuwe na joto au kusiwe. Lingine likasimamisha mikutano, kwa kuwa hapakuwa na hoja.

Muhula wake uliisha. Agizo la uchaguzi halikutoka. Mkataji akasema atakwenda kuuliza. Binti yake alimshika mkono wa gauni.

"Mama, muache. Si ametuwekea feni?"

"Feni nashukuru, Kidole. Lakini aliyeiwasha bila kukuuliza, ataizima bila kukuuliza."

Kidole ni jina alilompa mwanawe siku alipojichoma sindano mara ya kwanza. Hakuna mwingine anayemwita hivyo.

Mkataji aligonga. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Alitoka kabla chai yake haijapoa mezani. Kifungo chake cha juu, ambacho hakuwahi kukifunga hata baada ya agizo kwa sababu ya pumu, kilikuwa kimefungwa. Tangu hapo anakata vitambaa bila chaki wala hakosei. Pumu haijamrudia. Nyumbani hula akiwekewa, na asipowekewa hukaa. Ukimuuliza jambo lolote hujibu, "Sauti ya wengi iheshimiwe." Mwanawe hamwiti tena Kidole; humwita "mwenzetu".

Mshona Vifungo amejaribu mara nyingi kukifungua kifungo kile mama yake akiwa amelala. Hakifunguki. Akaleta mkasi akate uzi. Yeye vifungo anavijua, ndiyo kazi yake, na anasema kile hakina uzi.

MAOMBI

Wapo kati yetu wanaotaka uambiwe usipeleke tena uchaguzi kwa watu maskini. Mpiga Pasi ndiye wa kwanza: "Nilisema mimi!" Hatukubaliani naye. Wale waliokuwa wakiteuliwa na meneja hawakuwa bora. Tofauti ni kwamba tulizijua sura zao.

Mlitufundisha kuchagua. Somo la kumwondoa aliyechaguliwa mlisema lipo katika kitabu cha pili, na mradi ukaisha. Tunaomba kitabu hicho. Tunaomba karatasi isiyo na alama ya mtu mwingine. Na kabla ya yote, tunaomba ukagonge mlango ule ukiwa pamoja nasi, usiingie peke yako, umwambie mwenye koti kwamba hakuwa mgombea.

Mshona Vifungo anaamini kwamba ukilisema hilo, kifungo cha mama yake kitafunguka. Hatuna ushahidi. Tumeandika anavyoamini.

Mwenyezi Mungu akupe safari ya salama, na jicho la kuutazama mshono kwa upande wake wa ndani.

Ni sisi, Washonaji wa Meza Zote.

NYONGEZA

(Imeandikwa kwa kalamu, ukumbini, wakati wimbo wa kukupokea ukiimbwa.)

Mgeni rasmi, tulikusubiri getini ili tufuatane. Meneja alikupitisha njia ya stoo, ukamsalimie mwenyekiti kwanza. Mshona Vifungo alikuwa kwenye ngazi akakuona unaingia chumbani peke yako, shati likiwa wazi shingoni kwa joto. Aliita. Mlango ukafungwa. Ulipotoka ulimpita bila kugeuza kichwa, ukaja kuketi kiti cha mbele, ubavuni mwa mama yake.

Amekusogelea kukuvisha ua la mgeni. Kifungo chako cha juu kimefungwa. Hakina uzi.