Mwalimu Mbwana Chirau na Mnazi wa Nyuma ya Jiko

Mwalimu Mbwana Chirau anastaafu leo, tarehe 29 Novemba 1957, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha sayansi katika shule yetu hapa Msambweni. Alikuja kutoka Bongwe kwa baiskeli, na baiskeli hiyo hiyo ndiyo inayomrudisha, ingawa siku hizi haina breki na Mwalimu huipunguza mwendo kwa ndara zake.

Waliopita darasani kwake wote wanalijua somo la mnara: jinsi Galileo alivyopanda mnara ulioinama wa Pisa, kule Italia, akaangusha tufe zito na tufe jepesi, nayo yakafika chini pamoja. Mwalimu alilisimulia kwa mbwembwe, amesimama juu ya meza, nasi walimu wenzake tukijisogeza dirishani kusikiliza.

Mwaka 1954 alipata kitabu kilichosema kwamba huenda jambo hilo halikutukia. Hakuna aliyeliona akaliandika. Lilikuja kuandikwa na mwanafunzi wa Galileo, Galileo mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Mwalimu angeweza kukificha kitabu hicho kabatini. Lakini siku ya wazazi alisimama akakiri mbele ya wote kwamba hana hakika na somo alilolifundisha miaka ishirini na sita.

Mzee Boga, ambaye Mwalimu alimbembeleza mwaka mzima amlete shule binti yake Mwanarusi, aliinuka. "Mwalimu, niwie radhi. Kama hilo la mnara hukuliona, na aliyeliona hayuko, hayo mengine unayowafundisha watoto tuyaamini vipi?" Akamshika binti mkono waondoke, na wazazi wengine wakaanza kuinuka. Niliogopa. Niliona shule inatuponyoka.

Mwalimu aliwasihi wasubiri, akamwita Charo, mkwezi wetu, apande mnazi wa nyuma ya jiko aangushe kwa pamoja nazi nzito na kidaka, yaani nazi changa iliyo nyepesi. Mara ya kwanza ikawa kichekesho. Mkwezi hushika mti kwa mkono mmoja na kukonyoa nazi kwa mwingine, moja moja, na Charo alifanya kama alivyozoea: nazi ikafika, tukangoja, kidaka kikafuata. Watu wakacheka. Mwalimu, jasho likimtiririka, akamwambia avifunge vyote viwili kwa kamba moja, kama nazi zinavyofungwa mbilimbili za kubebwa, avitundike kwenye kuti, kisha aikate kamba. Charo akatupigia kelele tujihadhari, akakata.

Kilisikika kishindo kimoja. Mwili ulinisisimka, na hadi leo nikikumbuka hunisisimka. Mzee Boga aliiokota nazi kwa mkono huu na kidaka kwa mkono huu, akavipima uzito, akasema Subhanallah. Mwanarusi akarudi kwenye mstari wa wenzake. Jumatatu alikuja na mdogo wake.

Mwalimu, ahsante. Mwenyezi Mungu akupe afya na mavuno mema huko Bongwe. Na kwa kuwa ya Pisa hayakupata shahidi wa kuyaandika, haya tunayaandika: Msambweni, siku ya wazazi, mwaka 1954, mnazi wa nyuma ya jiko la shule, watu zaidi ya sitini. Mimi Mwanapili Garama, mwalimu mwenzako, nilikuwapo, na niliona.