Kupanda ni Jiaozi, Kushuka ni Tambi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa banda la baiskeli, katikati ya maghorofa ya wakazi huko Changchun, na geti la kutokea barabarani lilikuwa limezibwa kwa mabati ya buluu tangu theluji haijayeyuka. Wiki ile Weupe, ndivyo watu walivyowaita wale waliovaa nguo nyeupe za kujikinga kuanzia utosini mpaka unyayoni, walitangaza kwamba sasa ruksa kushuka uani, ila kuvuka mabati, hapana. Basi wazee wakashuka na chupa ya chai na mbegu za alizeti, wakatema maganda chini ya benchi kama vile ugonjwa wa korona haujawahi kuwepo. Yanqiu naye alishuka, lakini alisimama mbali, barakoa mbili usoni, macho yakipanda kila mara kwenye dirisha la ghorofa ya tatu alikomwacha bintiye Guoguo wa miaka mitano, maana huyo hakuwahi kumshusha, si wiki hiyo wala wiki yoyote, afadhali mtoto alie mpaka achoke kuliko apite ngazi ambazo mtaa mzima umezikoholea.

– Mama Guoguo, mbona umesimama kama mdeni? Sogea.

Huyo alikuwa Babu Filimbi, kondakta wa treni mstaafu. Sare aliirudisha, filimbi alibaki nayo.

– Hapa panatosha, Babu. Nina swali tu, halafu napanda, mtoto yuko peke yake.

– Uliza. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kujibu.

Yanqiu akavuta pumzi ndani ya barakoa zake, maneno yakatoka yote kwa mkupuo, kwamba kesho Mei Mosi alimwahidi mtoto likizo, walikuwa waende Dalian baharini, sasa bahari wataifanya mle mle ndani, beseni lipo, shuka la buluu lipo, lakini mtoto amegoma, anasema hawawezi kuwa wamesafiri kama hawajala jiaozi, kwa sababu baba yake kila akipanda lori lazima ale jiaozi, vile vijisambusa vya kuchemsha, na kila akishuka lazima ale tambi, kupanda ni jiaozi, kushuka ni tambi, mtoto amekua na hilo. Na unga uliobaki wa mgao ni wa donge moja.

– Nikifanya jiaozi, tambi hakuna. Nikifanya tambi, jiaozi hakuna. Na unga wenyewe nilikuwa namwekea baba yake akirudi, huko aliko lori limezuiwa tangu Machi, hata siku hajui. Sasa niambieni nyinyi. Mtu wa likizo ya nyumbani, anaondoka au anarudi?

Benchi likajiweka sawa, kwa raha. Swali la namna hiyo halikuwa limepita pale tangu mabati yawekwe.

– Haondoki, alisema Babu Filimbi. Safari ni gurudumu. Gurudumu lisipozunguka, hata ule jiaozi gunia, umeshiba tu. Ila kuna dawa. Mweke mtoto kitandani, shika mguu wa kitanda, tikisa. Tikisa taratibu mpaka kituo cha Siping, halafu kaza. Mimi nitapuliza filimbi kutoka hapa chini.

– Mzee, utamtapisha mtoto wa watu, alisema Shangazi Siki.

Mama huyu akisikia mtu amepiga chafya jengo la pili alichemsha siki sufuria nzima, na nguo zake zilimtangulia kwa harufu.

– Sikiliza, mwanangu. Safari haiko kwenye gurudumu, iko tumboni. Jiaozi zikishaingia, roho inajua inaondoka, inatangulia. Usipoifuata, inapotea njia. Binamu yangu alikula jiaozi, treni ikaahirishwa, akarudi kulala. Mpaka leo hajui alipoweka viatu.

– Yule si mlevi? alidakia Babu Filimbi.

– Alianza kunywa akitafuta viatu. Mpikie tambi. Tambi ni ndefu, zinafunga miguu, mtoto atulie. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

– Mgeni gani, Shangazi? Mtoto amezaliwa hapa.

Aliyesema hivyo alikuwa Dalali Bahari. Jina alilipata siku alipouza nyumba inayotazama bahari, katika mji ambao bahari iko mbali, safari nzima ya treni. Alikuwa amekaa ncha ya benchi, barakoa kidevuni, na Yanqiu alirudi nyuma hatua moja kila alipofungua mdomo.

– Nyinyi mnakosea kwenye neno nyumbani, alisema Dalali. Mimi ndiyo biashara yangu. Nyumbani ni mahali gani? Ni mahali unapotoka asubuhi ukarudi jioni. Sasa nani hapa ametoka? Hakuna. Chakula tunaletewa mlangoni, hatuchagui. Tunahesabiwa kila asubuhi. Hiyo ni hoteli. Kwa hiyo, mama Guoguo, wewe uko likizo tangu Machi na hukuambiwa.

– Hoteli gani inanichokonoa pua kunipima kabla ya chai?

– Ya bei nafuu, Shangazi.

Yanqiu akacheka, akajishtukia, akatazama dirisha. Kichwa cha mtoto kilikuwa pale pale, paji la uso limegandamizwa kiooni. Kilichomtisha siku hizi hakikuwa kilio, ni kwamba Guoguo alikuwa ameacha kulia. Aliacha hata kuuliza. Hilo hakulisema, maana angelisema angelia yeye, na barakoa ikilowa haina kazi.

– Kwa hiyo nipike nini? aliuliza tena. Donge moja, jamani.

– Kama tuko hotelini tangu Machi, alisema Babu Filimbi akikuna kidevu, basi wote tulipanda bila jiaozi. Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Tena dunia yenyewe inazunguka, nimesoma mahali. Ua huu ni behewa. Na mimi hapa sijaona tiketi ya mtu.

– Changanya, alisema Shangazi Siki, amekwisha kukubali. Kata tambi, zifungie ndani ya jiaozi. Aondoke na arudi kwa mtafuno mmoja.

– Zitazama, hizo, alisema Dalali.

– Zikiiva zitaelea. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wakati huo alikuja Mweupe mmoja, mtungi wa dawa mgongoni, na mgongoni hapo wenzake walikuwa wamemwandikia kwa kalamu nene: NATAFUTA MCHUMBA. Hakuwa mtu wa mji huu, matamshi yake yalikuwa ya kusini. Alinyunyizia maganda, akanyunyizia tofali, kisha akaomba akae kidogo, miguu imevimba. Wakampisha. Wakamweleza habari yote kwa pamoja, jiaozi, tambi, roho iliyopotea njia, ua ambao ni behewa. Alisikiliza, miwani yake imefunikwa na ukungu, huwezi kujua anatazama nani.

– Na mtoto mwenyewe, aliuliza, anataka kwenda wapi?

Babu Filimbi alimtazama Shangazi Siki. Shangazi alimtazama Yanqiu. Dalali alifungua mdomo, akatia mbegu.

– Baharini, alisema Yanqiu, halafu akasita, kwa sababu aliyetaka bahari alikuwa yeye, yeye na baba Guoguo waliwahi kwenda kabla mtoto hajazaliwa, na katika mambo yote aliyomuuliza Guoguo tangu Machi, koo linauma, umenawa, umeshika nini, hilo hakumuuliza.

Akaenda chini ya dirisha, akaita. Dirisha likafunguka kidogo.

– Guoguo, kesho unataka twende wapi?

Kidole kikatoka kwanza, kikaonyesha.

– Hapo wanapotema maganda.

– Hapo? Hapo ni karibu mno, mwanangu.

– Basi hatutachoka.

Yanqiu alipanda ngazi haraka, akanawa, akaukanda unga wote, hakubakiza hata wa kunyunyizia ubao. Tambi za baba Guoguo zitatafutiwa unga wake. Asubuhi alikata donge, akasukuma viduara, akajaza kabichi na kipande cha nyama chenye mafuta, na Guoguo alikula akiwa wima, kama mtu anayechelewa treni, kisha akakimbilia mlangoni.

– Mama, viatu vimepungua.

Alikuwa ameketi sakafuni, anasukuma mguu ndani ya kiatu alichovaa mara ya mwisho theluji ikiwepo, vidole vimejikunja. Yanqiu alichuchumaa, akaushika ule mguu. Alikuwa amemtazama mtoto huyu kila saa ya kila siku, akimpima joto, akimchungulia koo, na mguu umekua mbele ya macho yake hakuuona. Alikunja visigino vya viatu vikawa kandambili. Akafungua mlango. Ngazi zilikuwa zinanuka dawa, na Guoguo, ambaye alikuwa amesahau ngazi zinavyoshukwa, alinyoosha mkono kwenye chuma cha kushikilia, akaurudisha haraka, akamtazama mama yake.

– Shika, alisema Yanqiu. Utanawa tukirudi.