Kila Mmoja na Mrija Wake

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mwalimu Shamsi, mkuu wa chuo hiki cha kompyuta, walimu wote, wazazi wenzangu mliotoka Kibondo, Kakonko, Titye na Kitanga, na ninyi wanangu mnaohitimu leo: amahoro.

Nyumbani wanawasalimu. Mzee Nduwayezu, mume wangu, anawasalimu. Mguu umemlaza, la sivyo angekuja. Mama mkwe anawasalimu, ameuliza kama mtapewa chakula. Binti yangu Sylvesta, aliyenisahihishia karatasi hii, anawasalimu. Na Ildefonsi, mwanangu wa kwanza, aliyehitimu humu ukumbini mwaka juzi akiwashinda wenzake wote, huyo sina salamu zake. Mwezi wa saba huu tangu atoweke nyumbani, sina salamu zake.

Mimi niliishia darasa la tatu, mnivumilie. Nilimuuliza Mwalimu Shamsi, "Mwalimu, mimi nitawaambia nini watu wa kompyuta?" Akanijibu, "Mama Ildefonsi, mimi nimewaambia mwaka mzima, wakaandika daftarini wakafunga. Ukisema wewe, hawatafunga."

Basi nasema. Ildefonsi aliitengenezea zahanati ya kijijini kwetu programu ya kompyuta ya mezani, ya kutunza habari za wagonjwa. Tulifurahi jamani! Jumapili ile nilikaa benchi la mbele kanisani, na si benchi langu. Programu ilikuwa na mbio: nesi Tunu akiandika habari za mgonjwa huyu, yenyewe inatafuta kadi ya yule, na huku inaandaa orodha ya siku, yote kwa mpigo. Kila kazi ninyi mnaiita uzi.

Siku moja Immakulata, mke wa jirani yetu Melkiadi, alidungwa penisilini, akavimba mwili mzima, akaokolewa kwa shida. Tunu akaandika kwenye kompyuta: huyu asidungwe tena dawa hii. Kioo kikamjibu: Imehifadhiwa. Kumbe kilisema kabla maneno hayajakaa ndani! Dakika ile ile uzi wa orodha ulikwama, ukatengua kazi yake. Na kwa kuwa nyuzi zote zilipita njia moja, ukatengua na maneno ya Tunu. Nani aliona? Hakuna. Wiki ya tano Immakulata akaletwa na homa kali, hawezi kusema. Tunu alikuwa likizo. Nesi mgeni akatazama kompyuta, akakuta hakuna katazo lolote. Akamdunga penisilini.

Tulimzika Jumamosi.

Mwalimu Shamsi alikuja msibani. Nikamuuliza, "Mwanangu alikosa nini? Hakusoma?"

"Alisoma, mama. Aliharakisha. Nyuzi zote alizipa muunganisho mmoja wa hifadhidata."

Sikuelewa. Pembeni yetu wanaume walikuwa wamezunguka chungu cha pombe ya mtama. Nikasema, "Mwalimu, ni kama chungu kile?"

"Mimi sinywi, mama, ila nieleze."

Nikamweleza. Chungu ni kimoja, wanywaji hata kumi, lakini kila mmoja na mrija wake. Humpi mwenzio mrija wako, maana akiuvuta au akiuvunja, amekukatiza na wewe. Na mama mwenye chungu akija kumimina maji ya moto, wote wanainua mirija, wanangoja. Wanywe wengi, amimine mmoja. Na hakuna anayesema "tayari" ila yeye, akishaweka kibuyu chini. Mwalimu akainamisha kichwa. Akasema, "Ndivyo, mama. Ndivyo hasa, na mimi nimetumia mwaka mzima."

Wanangu, nani kati yenu hajui adabu ya chungu? Ildefonsi aliijua tangu mdogo. Aliijua kwenye chungu, akaisahau kwenye mashine, kwa sababu mara mia ilikubali na mara moja tu ikakataa. Nanyi mtakapokaa mbele ya kioo, na kazi inakwenda mbio, na watu wanawasifu, mtamkumbuka Immakulata? Alikuwa akinigongea asubuhi, anaomba moto. Sasa nawasha peke yangu.

Melkiadi yupo hapa, benchi la tatu. Asante kwa kuja, ndugu yangu. Nilimwendea kumwomba msamaha. Akasema, "Mama Ildefonsi, usiniombe wewe. Wewe hukuandika. Aje mwenyewe aseme kwa kinywa chake."

"Akija, utamfanya nini?"

"Sijui. Ila mrija wake wa kunywea nimeshamkatia. Nimeuchomeka ukutani."

Ndiyo hayo niliyonayo. Si msamaha, ni mrija ukutani, nao unakauka.

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Mwalimu Shamsi, nakushukuru kwa kutoficha kosa la mwanangu wala kumtukana. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Wahitimu, kesho mnatawanyika. Wapo wanaosema alionekana Kakonko, wengine wanasema Kibondo, anatengeneza simu, amekonda. Mkimwona msimkimbize, na msimwite jina kwa sauti kubwa. Mwambieni mama hakai tena benchi la mbele, na Melkiadi anangoja. Kisha nileteeni neno upesi, kwa simu au kwa mtu anayepita. Hata akikataa kuja, nileteeni. Mimi nitajua yu hai.