Viti vya Eddah Nyamvula

Wachungaji, majirani, na nyote mliotoka Kaloleni, Chaani na hapa hapa Utange, familia inawashukuru kwa kufika, na kwa idhini yenu mdogo wa marehemu, Kai, anawasomea maisha ya dada yake kama alivyoyajua.

Eddah Nyamvula alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Kaloleni, mtoto wa kwanza kati ya wanne, akaanza shule mwaka 1969 na kumaliza darasa la saba mwaka 1975, akafaulu vizuri, ila sekondari aliisikia kwa wenzake tu, kwani ilikuwa mbali, na nyumbani hakukuwa na wa kumpeleka. Mwaka 1980 alipata kazi ya kufunga majani ya chai katika kiwanda kimoja cha Changamwe, akapanga chumba Chaani, na kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2011.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Baya Kadenge, mpakia mizigo bandarini, mtu wa maneno machache na kicheko kingi, wakajaliwa watoto wawili, Vivian na Nicanor, wakanunua kiwanja hapa Utange na kujenga nyumba hii mnayoiona, inayopakana ua kwa ua na Shule ya Msingi Mihogoni. Baya alitutoka tarehe 2 Mei 2009, Vivian akaenda kufanya kazi Doha, Nicanor akahamia Nakuru, na Eddah akabaki na nyumba nzima na sufuria zilizokuwa kubwa mno kwa ugali wa mtu mmoja.

Tuseme ukweli, dada alikuwa mpweke, na wengi wetu tulijua. Asubuhi alichukua kikombe chake cha chai hadi uani akawasikiliza watoto wakisoma kwa sauti, na wachelewaji waliopita mbio wakimwamkia shikamoo bibi, pengine hiyo ndiyo salamu pekee aliyoipata siku hiyo. Kisha paa la madarasa mawili likaoza, yakafungwa, watoto wa madarasa tofauti wakasomea chumba kimoja wakipeana migongo, wazazi wakaanza kuwahamisha, na sauti za ng'ambo ya ua zikazidi kupungua.

Pesa za kujenga huwa zipo katika mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, lakini miradi huchaguliwa katika kikao cha wakazi wa wadi, na mtaa usiofika hauna wa kuusemea. Tarehe 11 Machi 2014 kikao kilipoitishwa hapo Mihogoni, Eddah alipita nyumba kwa nyumba kualika watu, akaazima viti vya plastiki vya kanisa, akavileta kwa mkokoteni na kuvipanga mistari, kisha akakaa mbele na mwalimu mkuu, nyuma yao viti vitupu, hadi ofisa wa mfuko akafunga faili lake kwa upole na pesa zikaenda kwa mtaa uliofika. Alivifuta vumbi akavirudisha. Vikao vilivyofuata vilikuwa vivyo hivyo, mtaani akabandikwa jina la Mama Viti, naye akacheka pamoja na waliomwita, ila nyumbani hakucheka.

Kosa lake alilifanya kwa nia njema. Aliona kwamba sisi watu wa Utange vikao twavikwepa lakini maziko hatukosi, basi tarehe 21 Septemba 2019, katika maziko ya mke wa jirani yetu Mzee Nguma, jeneza likiwa mbele ya watu, akasimama kuwaomba waombolezaji wafike kikaoni. Mzee Nguma alimwambia, "Eddah mwanangu, hapa tumekuja kulia, hatukuja kujenga." Akaketi. Alikwenda kuomba radhi, akasamehewa, lakini tangu hapo wengi walimpita njiani kama hawakumwona, na hata habari za misiba akawa anazipata watu wameshazika, jambo ambalo huku kwetu lauma kuliko tusi.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2021, ukamharibu figo, akatibiwa hospitali ya Port Reitz, na huko ndiko alikofariki tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi. Siku chache kabla, alimshika Kai mkono akamwambia, "Kwangu watakuja. Viti msivirudishe haraka."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, kanisa lililotoa viti, na majirani wote mliokesha nasi, na kwa namna ya pekee Mzee Nguma, ambaye tulimwendea kwanza kuuliza kama haya yanafaa kusomwa mbele ya jeneza, naye akasema tuyasome.

Mnajionea wenyewe, hakuna kiti kilichobaki, na wengine mmesimama hadi kwenye ua wa shule. Kikao cha wadi ni Jumanne, tarehe 17 Juni, saa tatu asubuhi, hapo Mihogoni, na viti hivi havirudi kanisani hadi kiishe.

Pumzika sasa, dada yetu. Kupanga tutapanga sisi.